Kila Vita na Jina Lake

Bukavu vita havihesabiwi kwa mwaka, vinahesabiwa kwa mtu. Wazee wa Kadutu watakutajia vita ya Mulele, halafu vita ya Schramme. Waliozaliwa baadaye wana vita ya Kabila, vita ya RCD, vita ya Mutebutsi. Muulize mama wa Nyamugo umri wa kitinda mimba wake, atakujibu kwamba huyo alizaliwa juma lile Mutebutsi alipokuwa mjini, nawe utajijazia mwenyewe: mwanzo wa Juni 2004. Si kwamba mama hajui tarehe. Tarehe iko kwenye karatasi, karatasi iko ndani ya mfuko wa plastiki, na mfuko unakaa karibu na mlango, pale mkono unapoufikia gizani bila kuwasha taa.

Mwalimu wa sarufi angetaka tuseme "vita vya". Mtaani ni "vita ya", moja moja, kila moja na mwenyewe.

Baadhi ya wenye vita walipewa viwanja. Place Mulamba, ambapo leo watu wanapeana miadi na kugombea pikipiki, inamkumbuka Léonard Mulamba, ofisa wa jeshi la taifa aliyeulinda mji Agosti 1964 waasi wa Simba, ndio wenye vita ya Mulele, walipokuwa wameshachukua Uvira na Kisangani na wakaja kuitaka Bukavu pia. Waliingia hadi mitaani, wakatolewa. Mobutu alipotwaa madaraka Novemba 1965 alimfanya Mulamba waziri mkuu, na mwaka mmoja haujatimia akamwondoa. Jina lakini lilibaki pale kiwanjani, na kila jeshi lililoingia mjini baada ya hapo limepita chini yake.

La kwanza halikukawia. Agosti 1967 Jean Schramme, Mbelgiji aliyekuwa na shamba kubwa kabla ya kukodishwa bunduki yake, aliteka Bukavu pamoja na mamluki wenzake na askari wa Katanga. Walikaa karibu miezi mitatu. Mapema Novemba walivuka Ruzizi kuingia Rwanda wakiuacha mji nyuma yao magofu: nyumba zile za Wabelgiji kwenye rasi tano zinazoingia ziwani, zilizokuwa fahari ya Costermansville, kama mji ulivyoitwa hadi miaka ya 1950, zilibaki kuta zenye matundu.

Nimelitaja shamba la Schramme kwa makusudi. Vita vya huku havieleweki bila kuanzia kwenye udongo, na udongo wa Kivu ulianza kugombewa kabla mtu yeyote hajalisikia neno koltani. Mwaka 1928 Wabelgiji waliunda Comité National du Kivu na kulikabidhi mamlaka juu ya ardhi kubwa mno, ligawie walowezi. Milima ya Bushi, yenye mvua, ubaridi na udongo mweusi, ikapandwa kahawa, chai na mkwinini. Mshi, mwenyeji wa Bushi, aliyekuwa akilima pale kwa kalinzi, yaani kwa kutoa ng'ombe au zawadi kwa chifu wake na kupata haki ya kudumu yeye na watoto wake, akajikuta kibarua mlimani kwa babu yake. Uhuru haukumrudishia. Sheria ya ardhi ya Julai 1973 ilitamka kwamba ardhi yote ni mali ya serikali, na Novemba mwaka huohuo Mobutu akatangaza kwamba mashamba na maduka ya wageni yapewe Wazaire. Wazaire gani? Wale waliokuwa na rafiki Kinshasa. Kalinzi haikuwa na muhuri, na asiye na muhuri akaanza kuitwa mvamizi. Mwaka 1975 mbuga ya Kahuzi-Biega ikapanuliwa kutoka hekta kama 60,000 hadi 600,000 hivi, ikameza vijiji. Kijana wa Bushi au wa Bulega aliyekosa kipande cha kulima alikuwa na njia mbili: mgodini au mjini. Baadaye ikapatikana ya tatu, ya bunduki.

Kuna nchi nyingine ndogo yenye milima na kahawa, mbali sana na ziwa letu, ambayo hadithi yake inafanana na hii hata inatisha. Guatemala, katika Amerika ya Kati, mwaka 1952 ilitunga sheria ya kugawa mashamba yaliyolala bila kulimwa kwa wakulima wasio na ardhi. Mwenye mashamba hayo kuliko wote alikuwa kampuni ya ndizi ya Marekani, United Fruit. Juni 1954 Rais Jacobo Árbenz aliangushwa na jeshi lililoandaliwa na CIA, mashamba yakarudishwa, na kufikia 1960 vita vikawa vimeanza, vikaenda miaka 36. Wakati Árbenz anaanguka alikuwapo mjini daktari kijana wa Argentina ambaye alishuhudia yote na kutoka na fundisho moja, kwamba kura bila bunduki haifai kitu. Aliitwa Ernesto Guevara. Miaka 11 baadaye, Aprili 1965, daktari huyo alivuka Ziwa Tanganyika usiku kutoka Kigoma, akatua Kibamba upande wa Fizi, hapa hapa Kivu Kusini, kuja kuwafundisha Simba vita vya msituni.

Che alikaa miezi saba. Alikuta makamanda wanaopenda kukaa Kigoma kuliko mlimani, na wapiganaji wanaoamini dawa ya maji kuliko handaki. Kiongozi aliyemtegemea, kijana Laurent-Désiré Kabila, alionekana naye siku chache tu. Novemba 1965 Che aliondoka, na maandishi yake kuhusu Kongo yanaanza kwa kukiri kwamba anaandika habari za kushindwa. Kabila hakuondoka. Alianzisha chama chake, PRP, akakaa milima ya Fizi akichimba dhahabu na kungoja. Mobutu alimsahau. Tutamkuta tena.

Walichoacha Simba kwa majirani kilidumu kuliko wao wenyewe. Walipokuwa wakirudishwa nyuma kuelekea nyanda za juu za Itombwe walianza kula ng'ombe wa wafugaji wa huko, watu wenye kusema lugha ya jamii ya Kinyarwanda, ambao wazee wao, kwa maelezo ya wanahistoria wengi, walihamia karne ya 19 kabla ya mpaka wowote kuchorwa. Kutoka 1966 vijana wa wafugaji hao walijiunga na jeshi la taifa kuwawinda Simba, ambao wengi walikuwa Babembe. Pande zote mbili zilizika watu wao na kukumbuka nani alifanya nini. Katika miaka ya 1970 wafugaji wakaanza kujiita Banyamulenge, kwa jina la kilima cha Mulenge, kusudi wasichanganywe na wakimbizi wa Kitutsi waliokuja kutoka Rwanda baada ya 1959. Jina lilikusudiwa kusema: sisi ni wa hapa. Jirani alilisikia kinyume chake, kama madai ya ardhi.

Kinshasa ilizidi kuchochea. Sheria ya 1972 iliwapa uraia kwa mkupuo watu wa asili ya Rwanda na Burundi waliokuwa Kivu kabla ya 1950. Sheria ya 1981 ikaufuta: raia awe yule ambaye kabila lake lilikuwa ndani ya mipaka ya nchi Agosti 1885. Fikiria kumwambia mfugaji wa Minembwe athibitishe babu wa babu yake alilala upande gani wa mto usiku fulani wa 1885. Kila uchaguzi ukawa kesi ya nasaba.

Hizo zote zilikuwa kuni. Kiberiti kilitoka ng'ambo ya Ruzizi.

Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, na Warundi wakamiminika bonde la Ruzizi. Aprili 1994 mauaji ya kimbari yakaanza Rwanda. Wauaji waliposhindwa vitani, walivuka mpaka pamoja na umati, sehemu kwa hofu na sehemu kwa kuswagwa. Eneo la Wafaransa kusini-magharibi ya Rwanda lilipofungwa Agosti, wimbi likaigeukia Bukavu. Waliovuka hapa na kuzagaa pande zote za mji walizidi laki tatu. Walilala kando ya barabara, kwenye viwanja vya shule, mbele ya milango ya watu. Baadaye wakapelekwa kambini: Kashusha, Inera, Panzi, Nyangezi. Miti ya Kahuzi-Biega ikageuka kuni. Bei ya maharagwe ilipanda, bei ya bunduki ikashuka. Ndani ya kambi walikuwamo wajane na watoto wasio na hatia, na walikuwamo askari wa jeshi lililoshindwa pamoja na wanamgambo wa Interahamwe, wakila posho ileile na kuvuka usiku kwenda kuua. Mashirika yalijua. Mobutu alijua. Kigali ilionya kwamba isipofanywa kitu itafanya yenyewe, na dunia ikaendelea kugawa mahindi kwa miaka miwili.

Mwaka 1996 ulipofika, Banyamulenge walikuwa wakikamatwa na kuuawa Uvira na Fizi, na vijana wao wengi walikuwa wamekwisha kwenda Rwanda kufunzwa bunduki. Mwanzoni mwa Oktoba naibu gavana wa Kivu Kusini, Lwabanji Lwasi Ngabo, akawapa wote juma moja wawe wameondoka nchini. Sijui kauli nyingine ya kiongozi wa mkoa huu iliyotugharimu kiasi hicho. Tarehe 6 Oktoba hospitali ya Lemera ilivamiwa, wagonjwa wakauawa vitandani na wauguzi pamoja nao. Tarehe 23 Oktoba, katika Lemera hiyohiyo, angalau ndivyo karatasi inavyosema, ukatangazwa muungano wa AFDL. Waliotia sahihi ni wanne: Laurent-Désiré Kabila, Déogratias Bugera, Anselme Masasu Nindaga na André Kisase Ngandu. Nyuma yao lilisimama jeshi la Rwanda. Uvira ilianguka siku hizohizo.

Bukavu ilikuwa na askari wengi wa Mobutu, na ndio waliokuwa wa kwanza kuiibia. Hawakuwa wamelipwa kwa miezi. Walipakia magodoro, redio na mabati ya watu kwenye malori wakaelekea magharibi. Gavana aliondoka. Mkubwa mmoja aliyebaki alikuwa askofu mkuu, Christophe Munzihirwa, Mjesuiti mzaliwa wa Bushi, mzee wa miaka 70 ambaye katika barua zake alikuwa ameililia dunia izuie vita, bila kujibiwa. Aliwaambia watu wasitoke. Huo ndio ukawa utawala wa mji kwa siku mbili: mzee mmoja na gari lake.

Jumanne tarehe 29 Oktoba, jioni, gari hilo lilifika njia panda ya Nyawera likakuta askari wa AFDL na wa Rwanda. Munzihirwa alishuka ameshika msalaba. Walimpiga risasi palepale, wakawaua na waliokuwa naye. Mwili ulikaa barabarani hadi kesho yake, watu wakiuona kwa matundu ya madirisha na kushindwa kutoka, mpaka wanafunzi wa seminari walipopata ruhusa ya kumwokota. Anayepita Nyawera leo anaona mwavuli juu ya mwavuli, mama wa sambaza na mama wa nyanya, kondakta anaita abiria wa Panzi. Njia ni ileile.

Watu wa nje humwita Munzihirwa Romero wa Kongo, kwa mfano wa Óscar Romero, askofu mkuu wa San Salvador aliyepigwa risasi akiwa altareni tarehe 24 Machi 1980, mwanzo wa vita vya El Salvador. Mlinganisho unakubalika, ila una kasoro moja. Romero alikwisha kutangazwa mtakatifu mwaka 2018, na tume ya Umoja wa Mataifa ya 1993 ilimtaja kwa jina aliyeamuru auawe. Kuhusu Nyawera, hakuna aliyesimamishwa mbele ya hakimu hadi leo.

Miezi miwili kamili baada ya jioni ile, tarehe 29 Desemba 1996, Guatemala ilitia sahihi amani. Sisi ndio kwanza tulikuwa tumeanza.

Novemba kambi zilivunjwa kwa mizinga. Waliorudi Rwanda walirudi. Waliokimbilia msituni, wauaji na watoto pamoja, walifuatwa kwa miguu hadi Shabunda, hadi Tingi-Tingi, hadi mto Kongo. Barabara ya Kigulube ina makaburi yasiyo na alama, na wenyeji wanajua ni wapi wasichimbe mihogo. Huku mjini vijana walijiandikisha kwa maelfu. Waliitwa kadogo, kwa kuwa wengine bunduki iliwazidi urefu. Tarehe 17 Mei 1997 walifika Kinshasa kwa mabuti ya mpira, Mobutu akawa ameshakimbia, na yule mwanafunzi mtoro wa Che akawa rais.

Hao wanne wa Lemera waliishaje? Kisase aliuawa Januari 1997 kabla hata ya ushindi. Masasu, mpendwa wa kadogo wa Bukavu, alipigwa risasi kwa amri ya serikali Novemba 2000. Kabila aliuawa ofisini kwake tarehe 16 Januari 2001 na mlinzi wake, ambaye naye alikuwa kadogo. Bugera ndiye aliyebaki, naye alikuwa amehamia upande wa pili tangu 1998, akaugeukia muungano wake mwenyewe.

Upande wa pili ndio waasi wa RCD. Kabila alipowafukuza maofisa wa Rwanda waliomweka madarakani, tarehe 2 Agosti 1998 askari wa Goma na Bukavu waliasi. Kwenye uwanja wa ndege wa Kavumu, maofisa wa Kikongo waliokwisha kunyang'anywa silaha waliuawa. Miaka mitano iliyofuata inasimuliwa kwa majina ya vijiji. Kasika, 24 Agosti 1998: baada ya maofisa wa RCD kuviziwa na kuuawa barabarani, wenzao waliwageukia wanakijiji, wakaua padri na masista parokiani na mwami wa Luindi kwake, na watu kwa mamia. Makobola, mkesha wa mwaka mpya 1999: mamia tena. Mwenga, Novemba 1999: wanawake walifukiwa hai. Nayaandika haraka kwa sababu kuyaandika polepole sijaweza.

Mji ulitafuta silaha yake, ukaipata katika kukaa kimya. Siku ya mji mfu, maduka yote yalifungwa, taksi zikalala, na hata Kadutu, soko lisilojua Jumapili, likanyamaza. Askofu mkuu mpya, Emmanuel Kataliko, aliandika barua ya Noeli ya 1999 akisema wazi kwamba mamlaka ya kigeni na wenzao wa ndani wanakula nchi. Februari 2000 RCD ikamhamishia kwa nguvu Butembo, na Bukavu ikagoma hadi wakamrudisha Septemba. Majuma matatu baadaye, tarehe 4 Oktoba 2000, alifia Roma. Huyo naye yupo pale penye kanisa kuu, pamoja na Munzihirwa.

Mwisho wa mwaka huohuo bei ya koltani ilipaa ulimwenguni, kwa kuwa kila mtu alitaka simu ya mkononi, na RCD ikajipa ukiritimba wa kuiuza. Huwa nasikia, hasa kutoka kwa wageni, kwamba vita vyetu ni vita vya koltani. Ni uvivu wa kufikiri. Kalinzi ilikuwa imekufa zamani, uraia ulikuwa umefutwa zamani, kambi zilikuwa zimejaa zamani. Koltani ilifanya jambo moja, kubwa lakini tofauti: iliifanya vita ijilipe yenyewe. Kamanda aliyekuwa akingoja mshahara sasa alikuwa na kilima.

Amani ya Pretoria ya Desemba 2002 ilitafuta njia ya mkato: kila mwenye bunduki apewe cheo. Rais mmoja, makamu wanne, majenerali wasio na idadi. Waliopigana juzi waliwekwa kambi moja na kuambiwa ni jeshi moja. Bukavu ilionyesha mapema jinsi hiyo ingeenda. Mwishoni mwa Mei 2004 Kanali Jules Mutebutsi, ofisa wa zamani wa RCD, aliwageukia makamanda wenzake. Jenerali Laurent Nkunda akashuka kutoka Goma kumsaidia akisema anazuia Banyamulenge wasiuawe. Tarehe 2 Juni mji ukawa mikononi mwao, chini ya macho ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa. Siku chache hizo zilitosha. Nyumba kwa nyumba waliingia kuiba na kubaka. Jenerali Mbuza Mabe alipourudisha mji wiki moja baadaye watu waliimba barabarani, na baadhi ya waimbaji waligeuka kuwasaka majirani wenye pua ndefu. Banyamulenge waliokimbilia Burundi waliwekwa kambi ya Gatumba, kilomita chache tu kutoka mpakani. Usiku wa tarehe 13 Agosti 2004 wauaji waliifuata kambi hiyo, wakawaua watu zaidi ya 150, wengi wanawake na watoto. Gatumba huku kwetu haitajwi sana. Ingetajwa, tungelazimika kukiri kwamba orodha ya waliolia ni moja.

Sasa tazama mji wenyewe. Wabelgiji waliupima kwa ajili ya watu makumi ya maelfu. Leo unakadiriwa kubeba zaidi ya milioni moja. Waliokimbia Shabunda, Mwenga, Kalehe na Fizi hawakurudi, kwa kuwa kila waliposema sasa kumetulia kulizuka kundi jipya. Walijenga kwa mbao na mabati kwenye miteremko ambayo wapimaji wa zamani waliiacha tupu kwa sababu, na mvua ya Novemba inaposhuka Nyamugo au Cimpunda nyumba ya juu hulala juu ya ile ya chini. Moto nao ukishika ubao mmoja hula safu nzima, maana gari la zimamoto halina pa kupita. Watu wanaohesabu waliokufa kwa vita huhesabu risasi na njaa. Kuna utafiti uliosema milioni 5.4 kati ya 1998 na 2007, na wengine wakaupinga. Sijui hesabu gani humweka mtoto wa Cimpunda aliyefukiwa na tope mwaka wa kumi na tano baada ya babake kukimbia Mwenga.

Hospitali ya Panzi ilizaliwa 1999 kwa mpango mwingine kabisa. Denis Mukwege, aliyekuwa mganga mkuu wa Lemera siku zile za 1996, alitaka kuzalisha wanawake kwa usalama. Mgonjwa wa kwanza alikuwa amebakwa na kupigwa risasi. Wakafuata wengine, makumi ya maelfu. Alipopewa Nobeli ya Amani mwaka 2018 mitaa ya Essence na Panzi ilipiga honi, na palepale wodini walikuwapo wanaongoja kushonwa.

Na bunduki? Kila kijiji kilijifunza kwamba jeshi huja limechelewa, ikiwa halikuja kuiba. Shabunda ikazaa Raia Mutomboki, wananchi wenye hasira, kuwazuia FDLR, mabaki ya wale wa 1994. Walipomaliza FDLR walibaki na vizuizi barabarani, wakimtoza mama franka kwa kila debe la mawese. Makundi ya Banyamulenge nayo yakaendelea nyanda za juu, yakipigana na wanamgambo wa Mai-Mai wa Babembe na Bafuliru kwa ugomvi ule wa ng'ombe wa 1965. Kwa miaka ya karibuni wengi wa hao wa kienyeji wamebatizwa Wazalendo na kupewa risasi na serikali.

Guatemala ilimaliza vita kwa kuandika. Februari 1999 tume yake ilitoa hesabu: zaidi ya watu 200,000 waliouawa au kupotezwa, wengi mno Wamaya, na asilimia 93 ya maovu ni ya dola na wasaidizi wake. Kuandika kulikuwa na bei. Askofu Juan Gerardi aliuawa Aprili 1998, siku mbili baada ya kutoa ripoti ya Kanisa. Mtawala wa zamani, Ríos Montt, alihukumiwa kwa mauaji ya kimbari Mei 2013, na siku kumi baadaye mahakama ya katiba ikaifuta hukumu. Hawakufika mbali, lakini walifika kizimbani.

Sisi tuna kitabu chetu. Oktoba 2010 Umoja wa Mataifa ulitoa ripoti ya zaidi ya kurasa 500, mashahidi zaidi ya 1,280, matukio 617 kutoka Machi 1993 hadi Juni 2003. Nyawera imo, Kasika imo, Kigulube imo. Ilipendekeza mahakama ya pamoja ya mahakimu wa Kongo na wa nje. Haikuundwa. Majina ya wanaoshukiwa yaliwekwa katika faili la siri Geneva, na yangali huko. Hivyo mji unaoviita vita vyake kwa majina ya makamanda hauruhusiwi kuyasoma majina hayo pale yalipoandikwa rasmi.

Kwamba inawezekana tumeona. Februari 2011 mahakama ya kijeshi ilikwenda hadi Baraka, ikakaa chini ya paa la muda, ikasikiliza wanawake wa Fizi na kumfunga luteni kanali miaka 20. Desemba 2017, huko Kavumu, mbunge na wanamgambo wake walihukumiwa kifungo cha maisha kwa kubaka watoto wadogo. Wazazi walilala nje usiku kucha kungoja hukumu. Tarehe 2 Agosti sasa ni siku ya kitaifa ya kuwakumbuka waliouawa, na mfuko wa fidia umeundwa Kinshasa. Lakini fidia inataka jina la mkosefu, na tunarudi Geneva.

Ijumaa tarehe 14 Februari 2025 waasi wa M23, zaidi ya majuma mawili baada ya kuchukua Goma, walichukua uwanja wa ndege wa Kavumu pamoja na askari wa Rwanda. Usiku huo jeshi liliondoka Bukavu, na gereza kuu likafunguka lenyewe. Jumamosi maghala yalivunjwa. Watu walibeba unga kwa mabeseni. Jumapili tarehe 16, wakati wa misa, safu ya askari wenye magwanda mapya iliteremka mitaani, wengine wakikanyaga viatu vya wenzao, hakuna aliyefyatua. Tarehe 27 mkutano wa hadhara wa Corneille Nangaa, mkuu wa muungano wao, ulilipuliwa Place de l'Indépendance, na waliokufa walizidi kumi.

Vita hivi havijapata jina. Wapo wanaosema ya Nangaa, wapo wanaosema ya M23, na wapo, hasa wazee, wanaosema ni ileile ya 1998 imebadilisha kofia. Mama wa sambaza pale Nyawera, alipoulizwa na mteja, alihesabu vidole kuanzia Mutebutsi kurudi nyuma, akafika Schramme, ambayo aliisikia kwa mamake. Kisha akapima kilo, akafunga, akasema tu: "Hii."